Jinsi ngojangoja ilivyoua Friendster, mtandao wa marafiki

MNAMO Machi 2003, mhandisi wa programu za kompyuta Jonathan Abrams, mzaliwa wa Kanada aliyewahi kuajiriwa na kampuni ya Netscape, aliufungulia umma tovuti aliyoiita Friendster. Jina hilo alilibuni kwa kuunganisha neno la Kiingereza lenye maana ya rafiki na Napster, huduma iliyopata umaarufu mkubwa kwa kuwawezesha watu kugawana nyimbo kwenye intaneti.

Kabla ya mwaka huo kumalizika, takriban watu milioni tatu walikuwa wamejisajili. Kampuni ya Google ilikuwa tayari kuinunua kwa dola milioni 30. Abrams alikataa. Badala yake alipokea dola milioni 13 kutoka kwa wawekezaji, zikiwemo kampuni za Kleiner Perkins na Benchmark, ambao waliikadiria Friendster kuwa na thamani ya dola milioni 53.

Miaka minane baadaye, Mei 31, 2011, picha, jumbe na maandishi ambayo mamilioni ya watu walikuwa wameyaweka katika tovuti hiyo yalifutwa.

Wengi huamini kwamba Friendster iliuawa na Facebook. Hata hivyo, ugonjwa wake ulianza Facebook ikiwa haijazaliwa. Haukutokana na uhaba wa wateja, wala wa fedha, wala wa sifa katika magazeti. Kile kile kilichowavutia watu kujiunga ndicho kilichoilemea mitambo ya kampuni, na wakuu wake wakawa wanashughulikia mengine.

Mshenga wa intaneti

Wazo la kwamba binadamu wote wameunganishwa na mnyororo mfupi wa watu wanaojuana halikuanza na kompyuta. Mwandishi wa Hungaria, Frigyes Karinthy, alilitumia katika hadithi fupi aliyoichapisha mwaka wa 1929. Mnamo 1967, mwanasaikolojia wa Marekani Stanley Milgram alieleza jaribio ambapo watu walitakiwa kumfikishia mtu wasiyemjua bahasha kwa kuipitisha mikononi mwa wanaojuana. Bahasha nyingi zilipotelea njiani, lakini zile zilizofika zilikuwa zimepitia watu wachache mno, kati ya watano na sita kwa wastani.

Mnamo 1997, Andrew Weinreich alianzisha jijini New York tovuti ya SixDegrees iliyojengwa juu ya wazo hilo. Watu waliandika wasifu wao na kuorodhesha marafiki. Tatizo ni kwamba, baada ya kuorodhesha, hawakuwa na la kufanya. Wengi wa marafiki wao halisi hawakuwa kwenye intaneti, na kamera za dijitali zilikuwa bado mali ya wachache, hivyo hata picha za kutazama hazikuwepo. Tovuti hiyo iliuzwa, na muda mfupi baadaye ikafungwa.

Abrams aliutazama mtandao kwa jicho tofauti. Tovuti za kutafutia wachumba zilizokuwepo wakati huo ziliwakutanisha watu wasiojuana kabisa, kila mmoja akijisifu apendavyo bila shahidi. Yeye alihoji kwamba katika maisha ya kawaida watu hukutana kupitia marafiki, na rafiki huyo ndiye mdhamini.

Hoja hiyo si ngeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Posa hupelekwa na mshenga, tena wazee hawakosi kuuliza kijana ni wa nani na anajulikana na nani. Friendster ilikuwa imemgeuza mshenga kuwa programu ya kompyuta.

Aliyejiunga aliandika wasifu, akabandika picha na kuwaalika marafiki. Alipofungua ukurasa wa mgeni, tovuti ilimwonyesha njia inayowaunganisha: fulani anamjua fulani, ambaye anamjua fulani, ambaye ndiye rafiki yako. Chini ya wasifu kulikuwa na nafasi ya ushuhuda, ambapo marafiki waliandika machache kumhusu mwenye ukurasa. Wengine waliandika mizaha, wengine wakamwaga sifa ambazo pengine hawangethubutu kuzitamka ana kwa ana.

Kwa mara ya kwanza watu waliona, kwa macho yao, umbo la jamii yao wenyewe. Aliyesoma na mtu shule ya msingi alimpata kupitia orodha ya rafiki wa tatu. Watu wapatao 300,000 walikuwa wameingia kwa kuambiana tu kabla ya vyombo vya habari kuanza kuivumisha tovuti hiyo mnamo Mei 2003.

Hesabu iliyolemea mitambo

Huo mnyororo wa marafiki ndio uliokuwa mtego. Friendster ilimruhusu mtu kuona wasifu wa walio ndani ya hatua nne kutoka kwake, yaani hadi rafiki wa rafiki wa rafiki wa rafiki. Kila ukurasa ulipofunguliwa, mitambo ilitakiwa kujua nani yumo ndani ya mpaka huo na nani yuko nje.

Chukua mfano wa mtu mwenye marafiki 50, ambao kila mmoja wao ana marafiki 50. Katika hatua ya pili wanafika 2,500. Katika hatua ya tatu ni 125,000. Hatua ya nne inaleta milioni 6.25. Ni kweli kwamba marafiki wa watu wanaojuana aghalabu huwa ni wale wale, hivyo idadi halisi ni pungufu. Lakini kuwatambua waliojirudia na kuwaondoa nako ni kazi, tena si ndogo.

Zaidi ya hayo, jibu halikuweza kuhesabiwa mara moja likawekwa akiba. Urafiki mmoja mpya kati ya watu wawili uliweza kubadilisha mipaka ya maelfu ya wengine wasiokuwa na habari. Ni kana kwamba mgeni amefika arusini, naye mpokezi hampi kiti mpaka amtajie kwanza jinsi anavyohusiana na kila aliyeketi ukumbini, na wakati akitaja, wageni wengine kumi wanaingia.

Kadiri tovuti ilivyopendwa ndivyo ilivyozidi kuzorota. Kulikuwa na nyakati ambapo ukurasa mmoja ulichukua hadi sekunde 40 kufunguka. Mara nyingine haukufunguka kabisa.

Mtu angetarajia kwamba katika vikao vya bodi suala hilo lingekuwa la kwanza. Bodi hiyo ilikuwa na vigogo walioheshimika Silicon Valley. Maelezo yaliyochapishwa na gazeti la New York Times mnamo Oktoba 2006 yalionyesha kwamba mazungumzo yao yalihusu zaidi washindani, matangazo ya biashara, huduma ya simu kupitia intaneti na kuitafsiri tovuti kwa lugha nyingine. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na Friendster ilikuwa imesifiwa kupita kiasi.

Abrams aliondolewa katika uongozi mnamo 2004. Nafasi yake ilishikiliwa kwa muda na Tim Koogle, aliyewahi kuiongoza Yahoo, kisha akaja Scott Sassa, mtu wa televisheni. Katikati ya mwaka huo wahandisi waliiandika upya tovuti, wakiacha lugha ya programu ya Java na kuingia PHP. Hali ilipata nafuu kiasi, ila wengi waliokwisha kukata tamaa hawakurudi kuhakikisha.

Wakati huo huo, Mark Zuckerberg na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa wamezindua Facebook mnamo Februari 4, 2004. Wao walipanua chuo kimoja baada ya kingine: Harvard, kisha Columbia, Stanford na Yale. Wapo wanaodai kwamba huo ulikuwa ujanja wa kujifanya adimu. Vyovyote iwavyo, mpango huo uliwapa nafasi ya kuongeza mitambo kabla ya kuongeza watu. Milango kwa umma wote haikufunguliwa hadi Septemba 2006.

Marafiki bandia na bosi mlangoni

Kusubiri hakukuwa kero pekee. Mpaka wa hatua nne uliwafanya watu watamani kuuvuka, na njia rahisi ilikuwa kujiongezea marafiki bila kuchagua. Tovuti yenyewe ilichochea tabia hiyo kwa kuonyesha orodha ya waliopendwa zaidi.

Hapo wakazuka marafiki bandia. Watu walibuni wasifu wa Homer Simpson, kikaragosi wa televisheni, wa jiji la San Francisco, wa Chuo Kikuu cha Brown, hata wa chumvi na wa Mungu. Kwa kufanya urafiki na chumvi, mtu aliweza kuwaona maelfu ya wengine ambao nao walikuwa marafiki wa chumvi. Wanafunzi wa zamani wa chuo kimoja walikutana kupitia wasifu wa chuo chao. Kwa wengi huo ulikuwa mzaha mtamu, na pengine ndio uliokuwa uhai wa mahali hapo.

Abrams hakuuona hivyo. Kwake, wasifu wa uongo uliharibu mnyororo wa uaminifu aliokuwa anajaribu kuujenga, na akaamuru ufutwe. Katika operesheni hiyo wasifu wa watu halisi ambao picha zao hazikuwaridhisha wasimamizi ulifutwa pia. Bendi za muziki zilizotumia kurasa zao kujitangaza zilijikuta nje. Uvumi kwamba tovuti ingeanza kutoza ada ulienea, na MySpace, iliyoanzishwa California Agosti 2003 na watu waliokuwa wameitumia Friendster wenyewe, ikawapokea waliofukuzwa kwa mikono miwili.

Shida nyingine ilikuwa ngumu zaidi kutatua, kwa kuwa haikutokana na mitambo. Katika maisha ya kila siku mtu huwa na sura moja kazini, nyingine kanisani au msikitini, na nyingine barazani na wenzake. Friendster iliziweka zote katika ukurasa mmoja.

Mtafiti danah boyd, ambaye huandika jina lake kwa herufi ndogo, alieleza kisa cha mwalimu kijana wa San Francisco ambaye wanafunzi wake waliupata ukurasa wake. Alichoandika mwenyewe hakikuwa na doa. Kurasa za rafiki zake, hata hivyo, zilijaa mizaha yao ya faraghani na picha za sherehe, na wanafunzi wakaja kumuuliza ikiwa anatumia dawa za kulevya. Mwalimu huyo angeweza kuufuta wasifu wake, lakini hilo lingeonekana kama kukiri kosa. Angeweza kuwaomba marafiki wabadilishe kurasa zao, ila wao hawakuwa na kosa lolote. Maelfu ya walimu, mahakimu na wahudumu wa afya wamekutana na kitendawili hicho tangu wakati huo.

Saa nane za usiku

Waamerika walipokuwa wakihama, wahandisi wa Friendster waliona jambo la ajabu: mitambo yao ilizidiwa saa nane za usiku, saa ambazo California imelala. Walipochunguza waligundua kwamba wateja hao walikuwa Ufilipino, ambako wakati huo ni jioni.

Hakuna aliyekuwa amepanga jambo hilo. Watu wachache wenye asili ya Ufilipino walioishi Marekani walikuwa wamewaalika jamaa zao, nao wakawaalika wengine. Ufilipino ni nchi ambayo mamilioni ya raia wake hufanya kazi ng'ambo, kuanzia Ghuba ya Uajemi hadi Hong Kong na Ulaya. Tovuti inayoonyesha sura ya mtoto aliyeachwa nyumbani, bila gharama ya simu za kimataifa, haikuhitaji kutangazwa. Kutoka hapo ilienea Indonesia, Malaysia na Singapore.

Kwa wawekezaji wa California habari hiyo haikuwa njema. Watangazaji wa Marekani hawakuwa na haja ya kulipia macho ya Manila. Hivyo watu waliokuwa wakiithamini zaidi huduma hiyo ndio waliohesabiwa kuwa mzigo. Kampuni ilichelewa miaka kadhaa kabla ya kukubali kwamba wateja wake walikuwa Asia, na hatimaye, Desemba 2009, ikauzwa kwa kampuni ya Malaysia ya MOL Global.

Ngojangoja ya dakika moja shilingi moja

Nchini Kenya mitandao ya aina hiyo ilifikiwa zaidi kupitia saiba. Katikati ya mwongo huo bei iliyozoeleka jijini Nairobi ilikuwa shilingi moja kwa dakika. Kwa bei hiyo, ukurasa unaochukua sekunde 40 humgharimu mteja takriban senti 67, na katika saa nzima, kwa shilingi 60, hangefungua zaidi ya kurasa 90 hata kama hangesoma chochote.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuchelewa ambayo wahandisi wa California hawakuweza kuitatua. Kabla ya 2009, Afrika Mashariki haikuwa imeunganishwa na dunia kwa nyaya za baharini za mawasiliano ya kisasa. Mawasiliano ya intaneti ya kimataifa yalitegemea setilaiti zilizo umbali wa kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Ombi lilipanda hadi huko na kushuka, jibu likapanda na kushuka, na safari hiyo peke yake ilichukua takriban nusu sekunde. Ukurasa wenye picha kumi na tano huenda ukahitaji safari nyingi za namna hiyo.

Kebo ya TEAMS ilifika Mombasa Juni 2009, na ile ya SEACOM ikaanza kufanya kazi mwezi uliofuata. Mwaka huo huo Facebook ilizindua toleo lake la Kiswahili, lililotafsiriwa na wanazuoni wa lugha hiyo. Vijana waliokuwa wamefungua kurasa katika hi5 na MySpace walihamia huko, wengi wao kupitia simu za mkononi. Nywila za zamani zilisahauliwa, na pamoja nazo picha.

Uchunguzi wa maiti

Aprili 2011, wamiliki wapya wa Friendster walitangaza kwamba tovuti ingegeuzwa kuwa ya michezo. Orodha za marafiki zingebaki, lakini picha, jumbe, shuhuda na makundi vingeondolewa. Wateja walipewa muda hadi mwisho wa Mei kuchukua vyao. Mtu ambaye anwani yake ya barua pepe ya mwaka 2003 ilikuwa imekwisha kufa hakuwa na mlango wa kuingilia.

Google ilipofunga mtandao wake wa Orkut, uliopendwa sana Brazil na India, Septemba 2014, iliwapa wateja miaka miwili ya kupakua picha zao. MySpace, ambayo shirika la News Corp liliinunua kwa dola milioni 580 mnamo 2005 na kuiuza kwa takriban milioni 35 mnamo 2011, ilibainika mwaka wa 2019 kuwa imepoteza nyimbo zilizowekwa kabla ya 2015. Zilikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50.

Wanachama wa Archive Team, kundi la watu wanaojitolea kuokoa tovuti zinazokaribia kufutwa, waliwahi kunakili sehemu ya kurasa za Friendster zilizokuwa wazi kwa umma. Kwa kutumia rekodi hizo, watafiti watatu wa chuo cha ETH jijini Zurich walichapisha mwaka wa 2013 utafiti waliouita uchunguzi wa maiti ya Friendster.

Maelezo yao yanafahamika kwa yeyote aliyewahi kuwa mwanachama wa chama cha akiba. Mtu hubaki mradi faida anayopata inazidi usumbufu. Katika mtandao wa kijamii, faida hiyo ni marafiki walio hai humo. Usumbufu ukiongezeka, wa kwanza kuondoka ni walio na marafiki wachache. Kuondoka kwao kunawapunguzia faida waliokuwa na marafiki wengi kidogo, nao wanaondoka. Wimbi hilo huendelea hadi linapokutana na kiini cha watu walioshikamana kiasi cha kutoyumbishwa, ikiwa kiini hicho kipo. Kwa hiyo idadi kubwa ya wanachama si kinga. Mtandao wa mamilioni ambao wengi wao wana marafiki wawili watatu unaweza kuporomoka upesi kuliko kijiji kidogo ambamo kila mmoja anamjua mwenzake.

Facebook yenyewe ilikuwa imenunua hataza za Friendster mnamo 2010 kwa takriban dola milioni 40, zaidi ya kiasi ambacho Google ilikuwa tayari kutoa kwa kampuni nzima. Miongoni mwa hataza hizo ilikuwamo inayohusu namna ya kukokotoa uhusiano kati ya watu katika mtandao.

Tovuti ya michezo ilisimamishwa Juni 2015. Kilichobaki kikitumika ni orodha ya marafiki iliyookolewa, ikiwa imeondolewa majina na kuachwa na namba tupu: zaidi ya watu milioni 65 na urafiki zaidi ya bilioni 1.8 kati yao. Chuo Kikuu cha Stanford huigawa bure. Wanasayansi wa kompyuta huitumia kupima kasi ya mitambo mipya, kwa kuitaka ifanye hesabu za aina ile ile iliyowashinda wahandisi wa Abrams.